Huyu Anakimbizwa na Nani?

Ukisikiliza hevi metali katika nyumba za kwetu unajifunza mapema kujitetea, na silaha ya kwanza inayokujia mkononi ni kasi. Mtu mzima anapita mlangoni, anasimama, anauliza huyo anayepiga mayowe amepatwa na nini. Humjibu. Unasogeza wimbo mbele mpaka kwenye solo ya gitaa, unaongeza sauti kidogo, unamwambia asikilize vidole. Halafu unamfanyia hesabu: wimbo unakwenda kwa mapigo 180 kwa dakika, mpigaji anagawa kila pigo mara nne, kwa hiyo ni noti 12 kwa sekunde moja, na kila noti inasikika safi. Mwambie ajaribu kutamka silabi 12 kwa sekunde. Mtu mzima anatikisa kichwa, anakubali kwamba kijana huyo ni fundi, anaenda zake jikoni. Umeshinda kesi bila kusema neno hata moja juu ya kwa nini unausikiliza muziki huo.

Sisi wachache wapenzi wa metali tunaijua kesi hii. Hatuna redio inayotupigia nyimbo zetu, hatuna baa yetu, na kanisani muziki huu, ukitajwa, unatajwa pamoja na shetani. Ufundi umekuwa pasipoti yetu. Huwezi kumwambia mama yako mdogo kwamba ule mkwaruzo wa gitaa unatuliza hasira ambayo huna pa kuipeleka. Ni rahisi zaidi kumwambia kwamba mpigaji alifanya mazoezi tangu asubuhi hadi jioni kwa miaka kumi. Kazi ngumu inaheshimika kila mahali. Hasira ya kijana wa miaka 17 haiheshimiki popote.

Mtu pekee ambaye hesabu zangu zilimpita bila kumgusa alikuwa mjomba wangu. Mjomba alipiga gitaa la solo katika bendi ndogo ya dansi Morogoro miaka ya 1980, bendi ambayo haikuacha rekodi hata moja, na mtu aliyemhusudu kuliko wote alikuwa Mbaraka Mwinshehe. Nilimwekea solo niliyokuwa najivunia kuliko zote wakati huo. Aliisikiliza mpaka mwisho ameinamisha kichwa, kama fundi saa. Kisha akauliza:

"Huyu anakimbizwa na nani?"

Mama alicheka sana, na sentensi hiyo ikawa utani wa nyumbani. Ukila haraka, unakimbizwa na nani? Lakini Mjomba hakuwa anatania. Lilikuwa swali la fundi kwa fundi. Mbio zina maana kwa sababu ya kinachokuja nyuma au kinachongoja mbele. Ukiviondoa vyote viwili, inabaki miguu tu. Alikuwa anauliza kama solo ile ilikuwa na kimojawapo.

Wapenzi wa metali wenyewe wanagombana juu ya jambo hili tangu kabla sijazaliwa. Upande mmoja wako wanaosema solo ni ufundi: noti safi, mikono miwili inayokwenda pamoja bila kupishana, kasi. Upande wa pili wako wanaosema solo ni moyo, na kwamba noti moja iliyopigwa vizuri inazidi mia zilizomwagwa. Katikati ya uwanja, akishangiliwa na kupigwa mawe kwa wakati mmoja, amesimama Yngwie Malmsteen. Ni Msweden, mzaliwa wa Stockholm, 1963. Albamu yake ya Rising Force ya mwaka 1984, ambayo sehemu kubwa haina hata uimbaji, ilichukua ngazi za sauti na mbwembwe za Bach na Paganini ikazimwaga juu ya amplifaya zilizofunguliwa mpaka mwisho. Kabla yake walikuwapo wapigaji wa kasi, Eddie Van Halen akiwa amewashtua watu mwaka 1978 kwa kugonga nyuzi kwa vidole vya mikono yote miwili, lakini baada ya Malmsteen kasi ikawa kipimo. Kampuni ndogo ya California, Shrapnel Records, ilijaza soko kwa vijana waliokuwa wakishindana nani ataingiza noti nyingi zaidi katika dakika moja.

Kambi ya moyo inamtaja Malmsteen kama mfano wa kila kilichoharibika. Nadhani hawajamsikiliza polepole. Chukua "Black Star", iliyo ndani ya albamu hiyohiyo, kisha kichwani mwako ondoa noti zote za haraka. Zinabaki noti ndefu chache, na kila moja inatetemeka kwa upana na utulivu wa mwimbaji aliyejaza mapafu. Ni mwimbaji kabisa, aliyejificha ndani ya umati wa noti zake mwenyewe. Wanaomchukia wanauona umati. Wanaomwiga, mara nyingi, wameuiga umati.

Mtetemo ule hauigiki kwa urahisi, na sababu yake unaweza kuipima. (Nasoma shahada ya uzamili katika takwimu; kupima ndiyo kazi yangu, mtanisamehe.) Gitaa lina freti, yale mapau membamba ya chuma yaliyopachikwa kwenye shingo yake. Ukibonyeza uzi nyuma ya freti, noti imekwisha pangwa na aliyelitengeneza gitaa. Mtoto akibonyeza hapohapo atapata noti ileile. Lakini ukiusukuma uzi pembeni, unakaza, sauti inapanda, nawe umetoka kwenye nyumba iliyojengwa na fundi na kuingia mahali pasipo na alama. Tuseme umeanzia noti ya A, mitetemo 440 kwa sekunde, na unataka kuipandisha freti mbili, hadi B, ambayo iko karibu na 494. Ukiishia 485 umekosa kwa takriban theluthi moja ya freti moja tu, na msikilizaji ambaye hajawahi kushika gitaa maishani mwake atakunja uso bila kujua kwa nini.

Kufika ni sehemu tu ya kazi. Unapanda kwa ghafla au unajivuta? Ukifika, unatulia kwanza ndipo utetemeshe, au unaanza kutetemesha njiani? Kila unapotetemesha, uzi unashuka mpaka wapi kabla ya kurudi juu? Haya yote yanaamuliwa na ncha ya kidole, ndani ya sekunde moja au mbili, dhidi ya uzi wa chuma unaotaka kurudi ulikotoka. Zile noti 12 kwa sekunde zina freti za kuzilinda. Hii moja haina mlinzi. Kwa hiyo watu wanaposema mpigaji fulani ana hisia na mwingine ana usahihi tu, mara nyingi huwa wamesikia usahihi wa aina mbili, na ule mgumu zaidi ndio wameupa jina la hisia. Mpiga fidla wa taarabu anaishi huko wakati wote, fidla haina freti hata moja. Mpiga gitaa anakwenda kutembea tu, na ndiyo maana tunasikia anapoondoka nyumbani.

Najua jibu la kambi ya moyo. Watasema hisia ni kile kinachotoka papo hapo, bila kupangwa, na ukishaanza kupima umekiua. Kwao ninaye Randy Rhoads.

Randy Rhoads alipiga gitaa katika albamu mbili za kwanza za Ozzy Osbourne baada ya Ozzy kutoka Black Sabbath: Blizzard of Ozz ya 1980 na Diary of a Madman ya 1981. Alikuwa mtoto wa mwalimu wa muziki, na hata alipokuwa safarini na Ozzy, akijaza kumbi kubwa, alikuwa akitafuta walimu wa gitaa la klasiki katika miji waliyopita ili apate somo. Tarehe 19 Machi 1982 alikufa katika ajali ya ndege ndogo huko Leesburg, Florida. Alikuwa na miaka 25. Ukimuuliza mtu wa kambi ya moyo akutajie solo za metali zenye uchungu, ile ya mwisho wa "Mr. Crowley" haitakosa kwenye orodha. Inalia, hakuna neno jingine.

Sasa, studioni Rhoads alikuwa na desturi ya kuipiga solo ileile mara mbili, na hata mara tatu, rekodi juu ya rekodi, ili gitaa lisikike nene. Mashine haikumnakilia, alipiga mwenyewe upya tangu mwanzo, akifuata kila kipindo cha uzi, kila mtetemo, kila kujivuta, karibu sawasawa na mara ya kwanza. Kama hisia ni kile kisichopangwa, basi katika solo zile hatusikii hisia, tunasikia kumbukumbu. Lakini sikio linakataa. Katika misiba tuliyokulia tumewaona kina mama wanaojua kuomboleza. Wanajua waanzie wapi, wapandishe sauti wakati gani, wamtaje marehemu kwa jina lipi, na waliokuja wakiwa wakavu wanaanza kulia. Hakuna aliyewahi kusema kwamba kwa kuwa mama huyo anajua kuomboleza basi hana uchungu.

Hapa ningeweza kuishia kwenye hukumu nzuri ya usuluhishi: ufundi na hisia ni kitu kimoja, twendeni nyumbani. Tatizo ni Slayer.

Reign in Blood ilitoka mwaka 1986. Ina nyimbo 10 na inamalizika kwa dakika 29 hivi, muda wa kuchemsha maharage mpaka uanze kukata tamaa. Solo zake, zinazopigwa kwa kupokezana na Jeff Hanneman na Kerry King, kwa kipimo chochote nilichokitaja mpaka sasa ni mbaya. Hazifuati ngazi ya sauti inayoeleweka. Wapigaji wananyofoa noti, wanalishika lile pau la kulegezea nyuzi na kulitikisa mpaka gitaa linatoa mlio wa mnyama, wanaacha bila kumalizia. Nimewahi kukaa na rafiki mmoja tunayepiga naye gitaa tukijaribu kuziandika noti kwa noti, tukakuta kuziandika ni kuzisingizia. Kwa miaka mingi watu wamesema Slayer hawakujua kupiga solo.

Lakini wimbo unaoifungua albamu hiyo, "Angel of Death", unamhusu Josef Mengele na alichowafanyia wafungwa Auschwitz. Weka hapo solo ya Rhoads, yenye machozi yaliyopangwa. Weka ya Malmsteen. Ukijaribu kuisikia kichwani utaona inavyoudhi. Uzuri pale ungekuwa matusi. Wimbo huo unahitaji sauti isiyo na pa kwenda, nao wakaitoa. Ndani ya wimbo ule swali la Mjomba lina jibu kamili. Huyu kweli anakimbizwa, na tunamjua anayemkimbiza.

Baada ya Slayer nimeacha kuuliza kama solo ina ufundi au hisia. Nauliza ilikuja baada ya nini. Solo haizaliwi peke yake, inatoka kwenye rifu, kwenye maneno, kwenye dakika tatu zilizotangulia, na inadaiwa na yote hayo. Kuna solo nyingi zilizo safi kabisa ambazo hazijasikiliza wimbo wao wenyewe. Intaneti imejaa video za aina hii: mvulana amekaa kitandani, kamera imeelekezwa kwenye shingo ya gitaa, uso wake umekatwa nje ya picha. Noti zote zipo. Lakini ni kama karani anayesoma orodha ya wapiga kura iliyobandikwa ukutani, haruki jina, na hamjui hata mmoja wao. Sina dharau na mvulana huyo. Namwonea wivu mikono yake. Ila nikimaliza kumtazama sijui alikuwa na siku gani.

Kijana aliyenifundisha zaidi katika mambo haya aliwahi kuwa mvulana wa aina hiyo, na alikuwa bingwa wao. Jason Becker alizaliwa California mwaka 1969. Ipo video yake akiwa bado shule ya sekondari, kwenye onyesho la vipaji, akipiga "Black Star" ya Malmsteen kana kwamba aliitunga yeye. Pamoja na Marty Friedman alianzisha kundi la Cacophony, na mwaka 1987 wakatoa albamu ambayo jina lake, Speed Metal Symphony, halifichi nia. Mwaka uliofuata Becker akatoa Perpetual Burn, albamu yake ya kwanza ya peke yake. Alikuwa bado hajafikisha miaka 20. Kuna arpejio zake ambazo wapiga gitaa wa leo, wenye vifaa bora na walimu elfu mtandaoni, bado wanazitumia kama mlima wa kujipimia. Kisha akachukuliwa kupiga katika bendi ya David Lee Roth, nafasi ambayo kila mpiga gitaa wa Marekani wa wakati ule angeiuzia nyumba ya wazazi wake.

Alikuwa ameanza kuchechemea mguu. Akiwa na miaka 20 madaktari wakamwambia ana ALS, ugonjwa unaoua neva zinazoamrisha misuli, na kwamba ana miaka michache ya kuishi. Aliimaliza albamu ya Roth mikono ikiwa inadhoofika, akitumia nyuzi nyembamba zaidi ili vidole viweze kuzisukuma. Ziara hakwenda. Baada ya muda vidole vikaacha, miguu ikaacha, sauti ikaacha. Baba yake akabuni njia ya kuzungumza kwa macho: herufi zimepangwa katika mafungu, na mwelekeo wa jicho unaonyesha fungu na herufi. Kwa njia hiyo, na kwa msaada wa watu wanaoingiza noti kwenye kompyuta mbele yake, Becker ameendelea kutunga. Perspective ilitoka 1996. Triumphant Hearts ilitoka 2018, na ndani yake magitaa yanapigwa na wengine, Friedman akiwamo, zaidi ya robo karne baada ya madaktari kumhesabia miaka.

Nimeisikiliza Triumphant Hearts nikitafuta kitu kimoja tu, na nilijiwekea makusudi nisiihurumie. Nilitaka kujua: mtu aliyekuwa kasi tupu akinyang'anywa kasi, anabaki nani? Nikarudi Perpetual Burn kulinganisha, na hasa "Altitudes". Ni mtu yuleyule. Jinsi sauti zinavyopanda ngazi na kubadilisha rangi kabla hujazizoea, ule ukaidi wa kutotulia mahali penye raha, vyote vilikuwapo kwenye zile mbio za mwaka 1988. Mwaka 1988 vidole vilikuwa vinakwenda kwa kasi ya mawazo yake. Siku hizi anatuma noti moja moja kwa jicho, na mawazo hayajapunguza mwendo.

Friedman alikwenda njia nyingine. Alijiunga na Megadeth, na mwaka 1990, katika Rust in Peace, akapiga solo ya "Tornado of Souls", ambayo ningeitaja kwanza kama mtu angeniwekea kisu shingoni aniulize solo bora ya metali. Ina kasi yote ya Cacophony. Lakini mtazame anavyoipiga, mkono wake wa kulia umekunjwa kwa namna ambayo mwalimu yeyote angeikemea, na kila baada ya mbio anafika kwenye noti ambayo hukuitegemea, anaipindisha kutoka pembeni kama mtu anayeingia chumbani kwa mlango wa uani. Mwaka 2003 alihamia Japani. Anapenda enka, nyimbo za Kijapani za huzuni ambazo mwimbaji anaivunja sauti na kuitetemesha mwishoni mwa mstari, na anasema amejifunza kwa waimbaji hao. Ukishalijua hilo, huwezi tena kumsikia bila kuwasikia na wao. Nilimwekea Mjomba solo hiyo bila kumwambia lolote. Aliisikiliza mara mbili. Akasema huyu anajua nyumbani kwake, na kwake yeye hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Hiyo ilikuwa kabla ya kiharusi.

Kilimpata mwaka juzi, upande wa kulia. Mguu ulirudi kwa kiasi, anatembea na fimbo. Maneno yalirudi machache machache. Mkono wa kulia, ule wa kupigia, haukurudi. Katika miezi ya mwanzo, kwa kuwa sikujua la kusema, nilimsimulia habari za Tony Iommi. Ni hadithi ambayo kila mpenzi wa metali anaijua: kijana wa Birmingham anayepiga gitaa kwa mkono wa kushoto, siku yake ya mwisho ya kazi kiwandani, mashine ikamkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, ule unaobonyeza nyuzi. Msimamizi wa kiwanda akamletea santuri ya Django Reinhardt, aliyepiga gitaa na mkono ulioharibiwa na moto. Iommi akayeyusha plastiki ya chupa akajitengenezea vikofia vya vidole, akatafuta nyuzi nyembamba, baadaye akazilegeza zaidi ili zisimuumize, na sauti ile nzito iliyotoka, ya chini, ya Black Sabbath mwanzoni mwa miaka ya 1970, ndiyo metali. Nilimsimulia kwa bidii, nikaonyesha na vidole. Mjomba alinisikiliza mpaka mwisho, kama anavyosikiliza solo. Kisha akatafuta neno, akalipata.

"Miaka mingapi?"

Nikamwambia Iommi alikuwa na miaka 17.

Akatikisa kichwa. Yeye alikuwa na 63. Sikumletea tena hadithi.

Ya Becker hakuisikia kwangu. Aliikuta mwenyewe kwenye simu ya binti yake, video moja ikifuatwa na nyingine kama zinavyofanya, na nilipokwenda kumwona Jumapili iliyofuata aliniuliza kuhusu "yule wa macho". Alitaka kujua jambo la kiufundi: mtu wa macho anamwambiaje mpigaji apinde uzi kiasi gani? Noti unaweza kuitaja. Kipindo unakitajaje? Nikamjibu kwamba nadhani anachagua watu wanaomjua. Akafikiri. Akaonyesha gitaa langu, la umeme, la bei ndogo, ambalo nilikuwa nimekwenda nalo bila amplifaya.

Tulikaa kwenye kochi, yeye kushoto kwangu. Shingo ya gitaa ilikuwa mikononi mwake na kiwiliwili chake mapajani mwangu. Yeye alibonyeza kwa mkono wa kushoto, mimi nikapiga kwa wa kulia. Nilichagua mwanzo wa "Fade to Black" ya Metallica, ya 1984, pale gitaa moja linapopiga arpejio taratibu na jingine linaimba juu yake, kwa sababu ni noti chache na zinakwenda polepole. Nilimwekea kwenye simu mara tatu. Alizipata haraka kuliko nilivyozipata mimi nilipokuwa kidato cha pili.

Noti za kubonyeza tu hazikutusumbua. Kipindo ndicho kilichotushinda. Yeye alikuwa anaanza kuusukuma uzi na mimi bado sijaupiga, au nilikuwa nimeupiga na yeye yuko bado nyumbani, na kinachotoka ni mlio wa paka. Sikujua kwamba mkono wa kulia unajua kitu ambacho ule wa kushoto hauuambii. Nilijaribu kuhesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu. Akanikataza kwa kidole. Nikaacha kuhesabu, nikawa namtazama kifundo cha mkono.

"Umechelewa," akasema.

Tukarudia.

"Umewahi."

Tukarudia tena. Mara ya saba au ya nane hakusema kitu, akausukuma uzi mpaka juu, akaushikilia pale ukitetemeka, kisha akasogeza kidole kwenye noti iliyofuata.